Vipandikizi 30 vya Kibokoni

Mwishoni mwa Januari, kaskazi ikivuma na jua likichoma tangu saa tatu za asubuhi, shangazi yangu wa Kibokoni alipewa matawi ya maua na jamaa zetu wa Nyali. Nasema maua kwa kuwa ndivyo tusemavyo Mombasa: chochote kilichopandwa mkebeni kwa ajili ya kupendeza macho ni ua, hata kama hakijachanua siku yoyote. Haya yalikuwa ya majani. Kulikuwa na koliasi, ule mmea wa majani laini yenye rangi ya damu ya mzee katikati na ukingo wa kijani kibichi. Kulikuwa na krotoni, majani magumu yanayong'aa, manjano, machungwa na mekundu juu ya mti mmoja. Na kulikuwa na yale majani marefu yanayosimama kama panga, yenye mstari wa manjano kila upande, ambayo vitabu huyaita sanseviria.

Alikata vipande 30. Koliasi 14, krotoni 10, na jani la upanga akalikata mapande 6. Vyote akavitia kwenye glasi, vikopo na chupa za jemu zilizojaa maji, akavipanga kwenye dirisha la sebule. Kwa siku nne tano za mwanzo dirisha lile lilipendeza mpaka wapita njia wakawa wanainua macho.

Siku ya 21 aliniita nikaone. Koliasi zilikuwa zimebaki 3. Krotoni 2 zilikuwa bado za kijani lakini hazina mzizi hata mmoja. Mapande ya upanga yalikuwa 4. Tisa kati ya thelathini, basi. Vingine vilikuwa vimeoza kuanzia chini, bua limegeuka jeusi na kulainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na maji yananuka.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi mkono wangu ushakufa. Nikipanda kitu hakishiki tena."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niweke daftari la kisa hiki tangu siku ile hadi Oktoba. Nimelea miche uani kwangu Majengo kwa miaka mingi, na nimewasikia wengi, hasa watu wazima, wakijihukumu hivyo: mkono mzito, mkono usio na baraka. Huacha kupanda kabisa, na nyumba hubaki na maua ya plastiki. Shangazi ni mtu aliyelea miti tangu utotoni. Sikukubali kwamba amesahau mkono wake mahali fulani njiani.

Nilichokikuta siku ile

Nilimwuliza habari za matawi tangu yalipokatwa. Yalikatwa saa sita mchana, yakatiwa kwenye kiroba kikavu, yakapanda tuktuk saa saba kuvuka daraja la Nyali, yakafika Kibokoni yamenyong'onyea. Hilo ni kosa la kwanza, na ni la kila mtu. Tawi likatwe alfajiri au asubuhi mapema, wakati limejaa maji ya usiku, na lisafiri limefungwa kitambaa kilicholowa. Lakini koliasi iliyonyauka kwa saa mbili huweza kuinuka ikipewa maji mazuri, na shangazi alisema zake ziliinuka jioni ile ile. Kwa hiyo safari ilizidhoofisha, haikuziua.

Dirisha lile linatazama magharibi. Saa tisa alasiri niliingiza kidole kwenye glasi moja, maji yalikuwa ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Jambo hili watu hulipuuza. Kipandikizi kisicho na mizizi kinapumua kwa lile kovu la chini, na kinahitaji hewa iliyomo ndani ya maji. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu tu. Ongeza kwamba vijidudu vya kuozesha hupenda joto hilo hilo na vyenyewe hula hewa ile ile, utaona kwa nini glasi iliyokaa juani bila kubadilishwa maji hugeuka kuwa kaburi. Shangazi alikuwa akiongeza maji yanapopungua. Hakuwa akiyamwaga na kutia mengine.

Majani nayo alikuwa ameyaacha yote, kwa huruma. Nilimwelewa, maana ndiyo yaliyompendeza. Ila kila jani hutoa maji hewani kutwa nzima, na kipandikizi hakina mizizi ya kuyarudisha. Yale ya chini, yaliyozama kwenye glasi, yalikuwa ya kwanza kuoza na kuchafua maji.

Nikawa na makosa matatu mkononi, yote ya kweli, na bado sikuridhika. Nimeona watu wakifanya yote matatu na koliasi zikawaotea, kwa kuwa koliasi ni mmea mwepesi sana kushika. Wiki moja hadi mbili ndani ya maji huwa imeshatoa ndevu nyeupe. Kufa kwa 11 kati ya 14 kulihitaji sababu kubwa zaidi.

Ndipo macho yangu yalipoangukia mrihani.

Ulikuwa pale pale sebuleni, pembeni mwa dirisha lile lile, ndani ya mkebe wa Kimbo uliotobolewa chini. Umestawi, mweusi kwa ukijani, kila ncha imejaa. Shangazi huchuma rihani zake Alhamisi jioni, na zikiwapo asumini na mkadi huzifunga kikuba.

"Mrihani huu wanywa maji gani, shangazi?"

"Mrihani nautilia yale yabakiayo kwenye mtungi wa kunywa. Mrihani hautiwi maji ya kisima."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yangu. Alisema ukiutilia maji ya chumvi wafa, au wabaki hauna harufu."

"Na hawa wageni wa dirishani?"

Akanyamaza kidogo. "Hao ni maua ya kizungu. Nalidhania hawajali. Na wiki ile mfereji ulikuwa haujatoa maji."

Maji ya chumvi na maji matamu

Kwa asiyekaa kisiwani inafaa nieleze. Mombasa ni kisiwa cha matumbawe. Visima vyetu vimechimbwa ndani ya jiwe hilo, na chini yake bahari imo. Maji ya mvua yanayopenya hukaa juu ya yale ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Ukiyavuta kwa wingi, ya chumvi hupanda. Visima vingi vya kisiwani basi vina chumvi, kingine kidogo, kingine hata kuoshea vyombo ni shida. Maji matamu hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, na vyanzo vingine kama Baricho kwenye mto Sabaki. Mfereji usipotoa, mtu hununua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa mikokoteni, na hakuna anayetoa pesa zake kununua maji ya mkokoteni akayamimina kwenye ua. Hutia ya kisima. Mimi mwenyewe ningetia.

Lakini fikiria chumvi hufanya nini. Sisi watu wa pwani tunajua vizuri: samaki akipasuliwa akatiwa chumvi, maji humtoka mwilini, na hivyo ndivyo ng'onda hupatikana. Maji hufuata chumvi. Mmea wenye mizizi hupambana, huchagua kiasi, na mwingine huvumilia. Kipandikizi ni jeraha wazi lililochovywa. Chumvi ikiwa nyingi ndani ya glasi, bua huona shida kuvuta maji ingawa limesimama ndani yake, na chumvi kidogo inayopanda hufikia ukingoni mwa jani, maji yanaruka hewani, chumvi inabaki pale. Ndiyo maana jani huanza kuungua ukingoni na nchani, rangi ya kahawia kavu. Niliziangalia zile koliasi 3 zilizobaki: kila jani lilikuwa na ukingo huo, mwembamba, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

Na ule mrihani na koliasi ni watu wa ukoo mmoja. Nilimwambia shangazi ashike bua la mrihani kwa vidole viwili alizungushe, kisha afanye hivyo kwa koliasi. Alizungusha, akazungusha tena. Yote mawili yana pembe nne. Ndiyo alama ya ukoo wa minanaa na mirihani. Carl Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, alipoandika koliasi hii mwaka 1763 aliiweka katika jenasi ile ile ya mrihani, Ocimum, hadi wengine wakaja kuitoa. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki mpaka Australia, kwa hiyo hata huo uzungu aliopewa si wake.

Shangazi alikuwa na jibu nyumbani kwake miaka yote. Mama yake alimpa. Lililokosekana ni kujua kwamba mgeni yule ni binamu wa mrihani.

Jaribio la Machi

Sikutaka anisadiki kwa maneno. Katikati ya Machi tulirudi Nyali asubuhi saa moja, tukakata vipandikizi 12 vya koliasi kutoka kwenye shina moja. Kila kimoja urefu wa kama sentimita 12, kisichokuwa na ua kichwani. Koliasi inayochanua hutumia nguvu zake kwenye mbegu, na shina la ua halina haraka ya mizizi. Tukakata kwa wembe mpya chini kidogo ya kifundo, pale majani mawili yanapokutana na bua. Hapo ndipo mizizi hutoka kwa urahisi. Ncha ya juu hutengeneza homoni iitwayo auksini, nayo hushuka, ikifika kwenye kovu haina pa kwenda, hujikusanya, na chembe za pale huanza kugeuka mizizi. Tukaondoa majani yote ya chini, tukabakisha manne ya juu, na makubwa kati yake tukayakata nusu kwa mkasi. Shangazi hakupenda sehemu hiyo. "Wayakata kama kucha," alisema.

Glasi 6 zilipata maji ya mkokoteni, 6 maji ya kisima, na nikaandika kwa kalamu ya wino mzito T na K. Zote tukaziweka mbali na dirisha lile, kwenye rafu ya ukutani inayopata mwanga bila jua. Maji yote tulibadilisha kila baada ya siku mbili.

Siku ya 8, glasi 5 za T zilikuwa na mizizi, myeupe, mifupi, imesimama kama sindano pande zote za kifundo. Siku ya 12 zote 6. Upande wa K, siku ya 12 vilikuwa hai vipandikizi 2 tu, mizizi yake ya rangi ya chai, haifiki urefu wa punje ya mchele. Vinne vilikuwa vimeoza.

Glasi 12 ni chache, na sitaki kuzibebesha zaidi ya uzito wake. Ila zina jambo la kufundisha kuhusu mauti ya Januari. Kwenye kivuli, kwa maji ya kisima yanayobadilishwa, ilipona theluthi. Dirishani, kwa maji hayo hayo yasiyobadilishwa, ilipona moja kati ya tano. Kwa hiyo joto la dirisha na majani yaliyoachwa vilichangia. Lakini tofauti kubwa kabisa, ile ya 6 kwa 2, ililetwa na maji peke yake. Hukumu yangu ni hiyo, na kama ningekuwa na nafasi ya kumwambia jirani yeyote wa kisiwani jambo moja kuhusu vipandikizi, ningemwambia aangalie maji kabla ya kitu kingine chochote.

Kuyajua si lazima uonje. Sabuni ya kipande isipotoa povu, unajua. Au dondoshea matone machache juu ya sahani nyeusi uyaache yakauke: yakiacha duara jeupe zito, usiyatie kwenye kipandikizi.

Chumvi ikarudi kwa mlango mwingine

Hapa pana kosa langu mwenyewe, na liligharimu miche.

Mizizi ilipofika sentimita 3 hivi niliamua kuhamisha. Si vizuri kungoja mpaka glasi ijae ndevu. Mizizi iliyozoea maji ni laini, na kadiri inavyorefuka ndivyo inavyokatika na kushangaa inapokutana na udongo. Nilichanganya mchanga wa mto na unga wa makumbi ya nazi, nusu kwa nusu. Makumbi ni mazuri kuliko udongo wetu mwekundu, hushika unyevu na bado huacha hewa. Nilikuwa nimeyapata kwa msokota kamba mmoja ng'ambo ya Likoni, ya zamani, yaliyolainika vizuri. Nilifurahia bei.

Siku ya 6 baada ya kuhamisha, ukingo wa majani ukaanza kuungua. Ule ule wa kahawia, kwenye mimea iliyokuwa haijaonja maji ya kisima tangu ikatwe. Nilikaa uani kwa shangazi na mche mmoja mkononi, nikijiuliza nimekosea wapi, mpaka yeye akachukua pumba la makumbi akalisugua kidoleni, akalinusa.

"Haya yamefukiwa," akasema.

Nikaelewa mara moja. Makumbi ya kamba hufukiwa ufuoni, ndani ya mchanga wenye maji, bahari ikijaa na kupwa juu yake miezi kadhaa mpaka yaoze nyama na nyuzi zibaki. Kisha hupigwa, husokotwa. Kwa kamba hiyo ni kazi safi ya miaka na miaka. Kwa mche, nilikuwa nimeupandikiza ndani ya bahari. Msokota kamba hakuniambia kwa kuwa sikumwambia nataka ya nini.

Tulipoteza miche 3 kati ya 6. Iliyobaki tuliing'oa polepole, tukaiosha mizizi kwa maji matamu, na makumbi tukayaloweka ndooni, tukayakamua, tukamwaga, mara tatu, mpaka maji ya kukamua hayakuwa na ladha tena ya chumvi. Ya nne shangazi alitaka tufanye kwa uhakika, tukafanya. Wiki mbili baadaye majani mapya yalikuwa yametoka bila ukingo.

Tangu hapo naangalia pia mchanga. Wa ufuoni hata ukiwa mweupe na mzuri namna gani, haufai bila kuoshwa sana, na umejaa vipande vya kombe na matumbawe. Hilo lilitupata kwenye mche mmoja uliowekwa chini ya ukuta wa zamani wa mawe na chokaa, unaomong'onyoka kila mvua: majani mapya yalitoka ya manjano, mishipa peke yake ikabaki ya kijani. Chokaa huufanya udongo ukatae kuachia chuma, na mmea ukikosa chuma hauwezi kutengeneza klorofili, ule ukijani wa majani. Tuliuhamisha, tukaubadilishia udongo, ukapona. Halikuwa jambo kubwa.

Krotoni ni ndugu wa muhogo

Krotoni 10 za mwanzo zilikufa zote, hata zile 2 za kijani. Niliwahi kuiotesha krotoni ndani ya maji. Inawezekana, ila huchukua wiki nyingi, na kila wiki ni nafasi nyingine ya kuoza. Kwa hali ya hewa yetu naona ni kupoteza muda.

Mara hii nilianza kwa kumwuliza shangazi anapandaje muhogo. Kwao Kwale walilima. Akanieleza bila kufikiri: uchague mti uliokomaa, si ncha laini wala shina la chini lililokuwa gogo, ukate pingili zenye macho kadhaa, uziache kivulini zikauke utomvu, uangalie macho yatazame juu, kisha uzike. Nikamwambia aitendee krotoni hivyo hivyo. Krotoni na muhogo ni ukoo mmoja, na ule utomvu mweupe unaotiririka ukikata ni ushahidi. (Utomvu wa krotoni huwasha ngozi na ni hatari kwa macho. Kata mbali na watoto, nawa mikono.)

Aprili mwanzoni alikata 8, sentimita 15 hivi, za unene wa kalamu ya risasi, zilizoanza kugeuka mti. Alifuta utomvu kwa kitambaa chenye maji, akaziacha kivulini kama saa moja, akazipanda kwenye mchanga na makumbi yaliyooshwa. Jani krotoni isiachwe nalo jingi. Mawili au matatu ya juu yanatosha. Juu ya kila kopo tukafunika chupa ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako. Zamani tungetumia mfuko wa nailoni, lakini tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya, na kusema kweli chupa ni bora: ina kifuniko unachoweza kufungua na kufunga.

Kifuniko hicho ndicho kilichoamua. Masika ilianza kweli kweli, hewa ikajaa maji, na vifuniko vilikuwa vimefungwa. Ndani ya chupa palikuwa kama bafuni. Krotoni 3 zikaota ukungu wa kijivu shingoni, zikaanguka. Tuliondoa vifuniko siku hiyo hiyo, tukasogeza makopo chini ya upenu yasinyeshewe, na hakuna nyingine iliyokufa. Kule bara kwenye hewa kavu ushauri wa kufunika ni sahihi. Hapa kwetu funika wakati wa kaskazi, na mvua zikija acha chupa iwe wazi juu.

Zile 5 zilidondosha majani wiki ya pili. Shangazi alitaka kuzitupa. Nilimwonyesha kukwaruza ganda kwa ukucha, kidogo sana, upana wa punje ya ufuta: chini yake palikuwa kijani na unyevunyevu. Alikwaruza zote tano, akawa kila asubuhi baada ya chai anataka kukwaruza tena, nikamwomba aache, maana kila mkwaruzo ni kidonda. Wiki ya nne moja ikafungua jani jipya, dogo, la manjano tupu. Jani jipya si dalili ya mzizi. Mti unaweza kulifungua kwa akiba yake, kisha ukafa. Dalili ni kulivuta bua kwa vidole viwili, polepole sana, ukahisi linashikwa kutoka chini. Hilo tulilihisi wiki ya sita. Sote wawili tulikuwa tumechutama pale uani, na yeye ndiye aliyevuta. "Yanivuta," akasema. Zote 5 zilishika.

Upanga uliopoteza manjano

Mapande manne ya upanga yalikuwa yamevumilia hata maji ya kisima, na tuliyahamishia kwenye mchanga mkavu mkavu yakasahauliwa. Mwisho wa Juni yalitoa vichipukizi, shangazi akashangilia. Kisha akaniita kwa sauti ya malalamiko: vyote vimetoka vya kijani tupu. Mstari wa manjano, aliokuwa ameupendea mmea ule, haupo.

Hapakuwa na kosa la maji wala la mkono. Jani lile ni mchanganyiko wa tishu za namna mbili zinazokaa pamoja: ukingo usio na klorofili, na katikati yenye klorofili. Ukikata pande la jani, kichipukizi kipya hutoka kwenye tishu za kijani peke yake, basi mtoto huzaliwa bila ukingo na hataupata hata umlee miaka kumi. Anayetaka manjano agawe kitako: achimbue mmea mzima, atenganishe chipukizi na mizizi yake kutoka kwa mama. Koliasi na krotoni hazina tabu hiyo ukikata ncha nzima yenye macho yake, kwa kuwa ncha imebeba tabaka zote na hutoa rangi ile ile ya mama. Ndiyo sababu ya kukata badala ya kupanda mbegu; mbegu ya koliasi hutoa watoto wa rangi yoyote.

Shangazi hakuitupa ile ya kijani. Aliiweka kwenye ngazi, mahali penye giza ambapo ua jingine lisingekaa, na iko pale.

Habari ya rangi ilituletea jambo moja jingine. Koliasi 3 zilizopona yale makumbi zilikaa rafuni Mei yote, zikakua ndefu, na wekundu ukafifia kuwa kijani chenye vumbi la zambarau. Kwenye mwanga mdogo mmea huweka nguvu zake kwenye klorofili, na ule wekundu, ambao ni anthosianini, haupati kazi. Tulizihamishia uani upande unaopata jua la asubuhi mpaka saa nne, kisha kivuli. Tukazikata ncha ili zitawanyike, nazo ncha zikarudi kwenye glasi. Ndani ya wiki tatu majani mapya yalikuwa ya damu ya mzee tena. Jua la mchana la kaskazi lisizifikie, hilo huziunguza na kuzifubaza.

Hadi mwanzo wa Oktoba uani palikuwa na koliasi 19, zote zilizotokana na zile 3, krotoni 5 za urefu wa goti, na mrihani pale pale dirishani. Lililobaki ni maji, kwa kuwa mtungi wa mkokoteni una bei yake na mimea 24 hunywa. Shangazi aliamua kungoja vuli. Alimwita fundi akafunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, chini akaweka pipa la bluu lenye kifuniko. Mvua ya kwanza ilipokuja usiku nilimpigia simu kumwuliza kama pipa limejaa. Hakuwa amelifunua. Alisema upepo wa kusi umepuliza bahari juu ya yale mabati tangu Aprili, kwa hiyo ya kwanza ameiacha ioshe, naye ameketi ndani anangoja ya pili.